Dirisha la Chumba cha Mama

Siwezi kukaa kwenye chumba chenye upenyo. Hata leo nikitembelea nyumba ya mtu, kabla chai haijaletwa nimeshajua upepo unaingilia wapi, na miguu yangu imeanza kucheza yenyewe chini ya meza. Mume wangu hunibonyeza goti ili nitulie. Ananitania kwamba nimekosea kazi, ningekuwa fundi madirisha, na mimi humjibu kwamba ningekuwa fundi mzuri kuliko yule aliyetuletea yeye.

Ugonjwa huu naujua ulipoanzia. Tulikuwa tunajenga Elerai, pembeni mwa mji. Nyumba ilikuwa imeshaezekwa na kuta zimepigwa lipu, kilichobaki kilikuwa madirisha. Mama yangu alikuwa bado anaishi peke yake kwetu Meru, juu ya Usa River, kwenye mteremko ambako ukungu wa Julai unaingia mpaka jikoni. Msimu wa baridi uliotangulia alilazwa kwa nimonia. Daktari alinitoa nje ya wodi akaniambia kwa upole kwamba kifua kile hakitastahimili baridi nyingine kama ile, nimtafutie mahali penye joto. Kumshawishi Mama ashuke haikuwa kazi ndogo. Mwishowe alikubali, kwa sharti lake.

"Nitakuja nikae msimu mmoja nione," alisema. "Nikiona hakuna tofauti, mwanangu, narudi kwangu. Na usinifuate."

Nilimjua. Angerudi kweli, na mlimani Julai ingemmaliza.

Miaka hiyo ndiyo maduka yalikuwa yamefunguka. Aliyekulia enzi za foleni na vibali atanielewa. Zamani ukitaka kioo ulichukua kilichopo, na kama hakipo ulipigilia mbao ukalala, hukuwa na la kuumizia kichwa. Sasa kila duka la vifaa vya ujenzi mjini lilikuwa na vioo vya kila rangi na fremu za kila aina, na kila muuzaji na maneno yake. Wenzangu walifurahi. Mimi kuchagua kulininyima raha. Nilikuwa natoka ofisini mchana, badala ya kula naingia dukani, naweka kiganja juu ya kioo na kuuliza, "Hiki kinazuia baridi?"

"Dada, hiki kimetoka Dubai," muuzaji ananijibu, utadhani Dubai kuna baridi.

Luva nilizikataa mapema. Tulikuwa nazo kwenye nyumba ya kupanga, vile vipande vya kioo vinavyofungwa kwa kuvuta mkono wa chuma, na hata uuvute mpaka uning'inie, asubuhi unakuta pazia linatembea. Mume wangu, Mchagga mwenye duka la vipuri, yeye alitaka aluminiamu. Alitaka madirisha mapana ya kusukuma pembeni, kioo cheusi, ili anayepita ajue hapa kuna mtu amejenga. Asubuhi moja nilimpeleka kwa jirani nikamwambia aguse fremu. Akagusa. "Ni ya baridi," alikubali, "lakini ni nzuri." Hapo nikajua nahangaika peke yangu.

Mvua za masika zilikuwa zinaelekea mwisho niliposikia kanisani kwamba mgeni mmoja aliyekuwa amejenga karibu na mashamba ya maua ya Usa River anaondoka nchini, na anauza vitu vilivyobaki kwenye kontena lake. Kulikuwa na madirisha ya huko kwao. Jumamosi tukaenda. Mwenyewe hakuwepo, mlinzi ndiye aliyetufungulia stoo.

Sikuwahi kuona madirisha kama yale. Fremu zilikuwa za mbao nzito, na kila moja lilikuwa na vioo viwili vilivyobanwa pamoja, katikati pameachwa nafasi ya hewa. Nilipogonga kwa kucha, sauti ilirudi nzito. Yalikuwa yamebaki mawili, nasi tulihitaji moja tu la chumba cha Mama, na kila moja lilibandikwa karatasi yenye herufi U na namba. Moja liliandikwa mbili nukta nane, jingine moja nukta sita.

"Chukua la mbili nukta nane," alisema mume wangu.

"Unajuaje?"

"Mtoto akikuletea ripoti ya shule, unafurahia alama ndogo?"

Nilitaka kukubali, ila sikuwa na hakika. Tukaondoka bila kuchukua lolote, na njia nzima mume wangu alikuwa amenuna. Karibu na mjini tukawa nyuma ya lori lililobeba mabati, na mabati yale ya mwishomwisho yalikuwa yanapepea kama karatasi. Nikakumbuka tulivyonunua ya kwetu. Kila aliyejenga anajua kwamba bati la geji ishirini na nane ni nene, la thelathini ni jembamba, na la thelathini na mbili unaweza kulikunja kwa goti. Namba inapanda, bati linakonda. Kwa hiyo si kila namba ni ya shule. Lakini hii ya dirisha ilikuwa ya shule au ya bati? Jumapili yote sikutulia. Nilikuwa nasikiliza mahubiri huku naona karatasi zile mbili, na kifua cha Mama kinapanda na kushuka chini ya blanketi la hospitali.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikarudi Usa River peke yangu. Mgeni nilimkuta anafunga masanduku. Nikamuuliza bila kuzungukazunguka. Akanieleza kwamba namba ile inasema joto la chumbani linatoroka kwa kasi gani kupitia dirishani, kwa hiyo ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Kioo kimoja cha kawaida, alisema, kingepata zaidi ya tano. Halafu akaongeza kwamba namba ni ya dirisha lililofungwa na kukazwa vizuri, ukiacha upenyo pembeni inabaki kuwa pambo. Nilicheka kwa sauti. Hakuelewa kwa nini, na sikuwa na muda wa kumweleza habari za mabati.

Jioni nilimwambia mume wangu, "Ni kama geji ya bati."

Akaelewa palepale. "Sasa mbona hukusema mapema?" aliniuliza, na nikaona isiwe taabu, nikaenda kupakua chakula.

Tukalichukua lile la moja nukta sita kwa ajili ya chumba cha Mama, na nyumba iliyobaki akapata aluminiamu yake. Nililitaka upande unaoutazama mlima. Watu walishangaa, kwa kuwa upepo unatoka huko, lakini nilikuwa nimechunguza: mwezi wa Juni jua la mchana linaelemea upande huo, ukungu ukiondoka linaingia mpaka kitandani. Upande huohuo ndiko ilikopita njia ya watu. Hilo sikulifikiria kabisa.

Fundi alipomaliza nikawasha mshumaa, nikaupitisha taratibu pembeni mwa fremu. Kwenye kona ya chini moto ukalala, upepo ulikuwa unapenya.

"Mama, hapo nitapaka lipu kidogo, haina shida," alisema fundi.

"Shida ni yangu. Fumua."

Akafumua. Tukashindilia sufi kwenye nafasi ile, tukaziba upya, nikapitisha mshumaa tena, na moto ukasimama wima. Fundi alikuwa amenichoka kabisa. Aliondoka bila kuaga.

Mama alikuja mwanzoni mwa Juni na kikapu chake na blanketi. Aligusa kioo, akagusa ukuta, akakaa kitandani. Nilimweleza habari za vioo viwili na hewa iliyofungiwa katikati, joto likiingia halitoki.

"Kwa hiyo umeniweka kwenye chupa ya chai," alisema.

Lakini kikohozi kilipungua. Kabla ya wiki ya pili kwisha alikuwa analala asubuhi mpaka jua lichomoze, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu utoto wangu. Nilijivuna jamani. Nilikuwa naenda kazini natembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Halafu siku moja nikarudi nikakuta dirisha liko wazi kabisa, upepo wa mlimani unapiga ndani, na Mama amekaa kwenye kiti mbele yake, amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Nikafunga. Kesho yake hivyohivyo. Nikawa nikifika tu getini natupa macho dirishani kabla ya kusalimia mtu. Ofisini nilikuwa nakosea hesabu kwa kuliwaza dirisha.

"Mama, dirisha hili likiwa wazi halina maana. Ni sawa na kununua blanketi ukaliweka kabatini."

"Nimesikia."

"Sasa mbona unafungua?"

Alivuta blanketi lake akageuka. Siku iliyofuata lilikuwa wazi, na kikohozi kilikuwa kimerudi.

Nilichukua waya na koleo nikaingia chumbani kufunga kitasa. Mama alinitazama nikizungusha waya, ametulia kuliko mimi.

"Ukimaliza hapo," alisema, "nishushie kikapu changu. Kesho naenda kwangu."

Nikaacha kuzungusha waya. "Umeona baridi ni ileile?"

"Joto nimelipata, sikatai. Lakini angalia pale njiani."

Nikaangalia. Mwanamke aliyebeba ndizi alikuwa anapita. Aligeuza uso kwetu, midomo ikacheza, akangoja kidogo, akaendelea na safari yake. Sikusikia hata neno moja.

"Umeona?" alisema Mama. "Wananisalimia, mimi naona meno tu. Mtu akikusalimia usimwitikie, na kesho usimwitikie, siku ya tatu atahangaika na wewe? Kule nilikuwa nakohoa, ndiyo. Lakini hakuna siku iliyopita sijaitikia mtu."

Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa nimezunguka mji mzima, nimegombana na mume na fundi, nimejifunza namba za Wazungu, na hakuna aliyeniambia kwamba vioo vinavyozuia baridi vinazuia na shikamoo. Nilisimama pale na koleo langu, nataka kulia na nataka kubisha. Kisha nikaufungua ule waya.

Tukakubaliana. Asubuhi watoto wakienda shule, dirisha liwe wazi, na yeye avae masweta yangu mawili na kofia. Jioni watu wakirudi makwao, hivyohivyo. Katikati lifungwe, na asilishike. Aliniambia nimekuwa mgumu kama baba yangu, lakini kikapu kikabaki juu ya kabati. Alikaa msimu ule, na mwingine, na mingine tena. Watoto wa njia ile wote walimjua, walianza kugeuza vichwa kabla hawajafika. Alijua ng'ombe wa nani amezaa kule mtaa wa pili, mtaa ambao mimi sikuwahi kukanyaga.

Kifua hakikumwua. Alifariki usingizini, uzee tu, mwezi wa Februari, na tulimzika kwetu juu mlimani. Niliporudi Elerai kitu cha kwanza nilichofanya ni kulifunga dirisha lake, maana vumbi lilikuwa limejaa kitandani, na safari hii hakuna aliyenibishia. Asubuhi iliyofuata nilikaa pembeni mwa kitanda. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Hapakuwa na upenyo popote, na bado miguu yangu ilikuwa inacheza.

Watoto wa shule wakatokea njiani. Wakageuza vichwa wote kwa pamoja, midomo ikafunguka. Wakasimama wanangoja. Hakuna aliyekuwa amewaambia.

Niliinuka nikafungua kitasa.

"Shikamoo bibi," wakarudia, macho yanatafuta nyuma yangu.

"Marahaba," nikaitikia, kisha nikavuta kiti chake nikakaa.