Jogoo wa Kulainisha S

Mpaka leo nikisikia jogoo akiwika hapa Tunduma, nakunja uso. Kinyaa chenyewe si cha kuku. Ni cha watu, na mimi nimo.

Mwalimu Tukuswiga alifundisha Hisabati Itumba miaka thelathini, akastaafu, akafungua steshenari karibu na stendi. Mimi, Rozi, natoa kopi. Yeye anasaidia wanafunzi kuomba vyuo na kuhama vyuo, na hadithi hapokei. Atakuambia, "Lete cheti cha kidato cha sita," atapitisha penseli kwenye kila alama, kisha nyuma ya karatasi ataandika neno moja: Inawezekana, Ngumu, au Haiwezekani. Akishaandika hafuti. Wapo waliomwita mchawi kwa hilo, halafu mwaka uliofuata wakamletea wadogo zao.

Mwaka jana alikuja mzee Asajile, mkulima wa kahawa kutoka Mbozi, na binti yake Jenista. Msichana alikuwa mwaka wa kwanza wa ualimu kwenye chuo kimoja kidogo, anafanya vizuri tu. Baba alitaka ahamie chuo kikubwa, akasome udaktari. Penseli ikasimama kwenye Fizikia.

"Ana S hapa, Baba Jenista, alama ya chini kabisa kabla ya kufeli. Udaktari hawachukui S. Hata akiongoza chuo kizima sasa, wataangalia hii."

"Mwalimu, Mungu wetu haangalii S."

"Chuo kinaangalia." Akaandika Haiwezekani.

Jenista alishusha pumzi. Nadhani alifurahi, ila hakuna aliyemwuliza.

Baada ya wiki mbili mzee akarudi peke yake, na jogoo aliyefungwa miguu. Kumbe kwao mtoto anayekwenda kusoma mbali huagwa kanisani: anaombewa mbele, kwaya inaimba, watu wanakula, naye anagawa vitu vyake. Basi Jumapili iliyotangulia Jenista alikuwa ameagwa kwenda chuo ambacho hakijamwita! Godoro lake alishapewa binamu yake Tabita. Kanisa zima hakuna aliyeuliza barua ya kukubaliwa iko wapi. Walikula wali, wakapiga vigelegele, wakaenda zao.

"Sasa atarudije chuo kilekile?" mzee akasema. "Nitaficha wapi uso wangu?"

Alitoa barua ya Jenista kujiondoa chuo kidogo, imeshasainiwa, akataka tuitume kwa kompyuta. Na Mwalimu abadilishe lile neno. Jogoo akasukumwa mbele.

"Jogoo huyu hawezi kumfanyia mtihani wa Fizikia," Mwalimu alisema. "Ukituma barua hii, nafasi ya huku inapotea na ya kule haipo. Rudi nayo nyumbani." Akachukua mkoba wake, akaenda kula.

Mzee hakuondoka. Alimsogeza jogoo chini ya meza yangu. "Mwanangu, wewe bonyeza tu. Mengine tuachie sisi wazazi."

Nikabonyeza. Nililiona neno Haiwezekani kwa macho yangu, nilijua, na bado nikabonyeza. Jioni nikamchinja jogoo. Alikuwa mtamu, na hilo ndilo linalonichefua kuliko yote.

Udaktari hakupata. Chuo kidogo nacho kikaijaza nafasi yake. Mzee Asajile sasa anawaambia watu mtoto yuko likizo, likizo ya mwaka mzima, na washirika wenzake wa kanisani wanaitikia kana kwamba wameelewa.

Mwezi uliopita Jenista alikuja mwenyewe, vidole vyeusi kwa kuchuma kahawa.

"Shikamoo Mwalimu. Naomba uniangalizie kama naweza kurudi kulekule."

Alitoa karatasi zake zote. Mojawapo ilikuwa nakala ya ile barua, kama ilivyopokelewa chuoni, na juu yake anwani iliyoituma: steshenari yetu, tarehe na saa. Mwalimu aliisoma muda mrefu. Penseli haikutembea. Jenista alinitazama mara moja, akainamisha kichwa.

Mwisho Mwalimu akaigeuza ile barua, akaandika nyuma yake: Ngumu. Akanisogezea bila kuniangalia.

"Rozi, toa kopi mbili. Moja baki nayo."