Nilibandika charts ukuta mzima, lakini aliyemfundisha binti yangu kuunganisha maneno ni bibi yake wa Kamachumu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Leo sina siasa wala bidhaa ya kutangaza. Nimekuja na aibu yangu mwenyewe, na sitapunguza kitu hata pale ninapoonekana mjinga.

Naishi Buhembe hapa Bukoba, nina ka-stationery mjini. Binti yangu, nimwite Koku, ana miaka sita.

Mwezi wa kumi na moja nilimpeleka interview ya darasa la kwanza, shule moja ya English medium. Nilienda kifua mbele, maana sebuleni ukuta mzima nimebandika charts za dukani kwangu. Wanyama, matunda, magari. Koku anamjua hadi penguin, ndege ambaye baba yake hajawahi kumwona.

Mwalimu akamuuliza jana alifanya nini. "Kucheza." Na nani? "Dada." Mchezo gani? "Kamba." Ikaishia hapo.

Mwalimu, mama mmoja mpole, akaniambia mtoto maneno anayo, ila hayaunganishi. Hasemi kitu kilianzaje, kikaishaje, wala kwa sababu gani. Nimrudishe Januari, na akiwa bado hivyo arudie chekechea. Nilitoka pale nimenywea.

Sasa kosa langu. Koku alipoanza kuongea niliweka sheria nyumbani: hakuna Kihaya. Niliogopa atachekwa shuleni kama nilivyochekwa mimi. Hata mama yangu mzazi wa Kamachumu nilimkataza kumwongelesha mjukuu wake Kihaya. Akajibu, "Sawa, baba," basi.

Tatizo ni kwamba Kiswahili cha mama ni cha sokoni. Kwa hiyo kila tukienda likizo, bibi na mjukuu walikuwa wanaambiana "njoo", "kula", "kaa". Mwanamke anayeweza kusimulia harusi moja kuanzia asubuhi mpaka jioni, nilimfunga mdomo mimi.

Na mimi na Kiswahili changu safi nilikuwa naongea nini na mtoto? Hii nini? Rangi gani? Ziko ngapi? Ukiuliza hivyo utajibiwa neno moja tu, lakini nani angeniambia, nilikuwa mjuaji.

Desemba tukaenda Kamachumu. Nikamweleza mama maneno ya mwalimu. Akaendelea kumenya ndizi zake, kisha akasema, "Niachie mtoto mwezi huu. Ile sheria yako ondoka nayo."

Sikubisha. Nilikaa siku tatu kabla ya kurudi dukani, nikisubiri kuona masomo yataanza lini. Hayakuanza. Mama alikuwa anamtuma tu.

Kwetu mtoto akitumwa kwa jirani anabeba maneno yote, pamoja na sababu. Yakifika nusu, aliyetuma ndiye anayeonekana hana adabu.

Siku ya kwanza alimtuma kwa Mama Joanitha, upande wa pili wa kibanja chetu cha migomba. Aseme kwamba bibi anaomba ungo wa kupepetea maharage kwa sababu wetu umetoboka, na akimaliza ataurudisha kabla ya misa ya Jumapili. Yote hayo kwa Kihaya, ambacho Koku alikuwa anakisikia kwa kuibia. Nikamfuata kwa nyuma. Akafika, akasema, "Ungo."

Mama Joanitha akamkalisha vizuri kama mgeni mkubwa. Ungo wa nini? Wenu umefanyaje? Utarudi lini? Koku akarudia tu, "Ungo." Tukarudi mikono mitupu.

Nikataka kwenda kuuchukua mwenyewe. Mama akanikata jicho. "Kaa hapo. Umetumwa wewe?"

Akamwambia mtoto upya, polepole, akamrudisha. Safari ya tatu ungo ukaja.

Halafu mama hamkosoi. Koku akisema "mvua", yeye anamjibu, "Eee, mvua inakuja na maharage bado yapo nje, tukichelewa yataloa. Tufanyeje?" Na mtoto anajibu huku wanakimbia na mikeka.

Nisiwaweke roho juu: interview ya Januari alipita, na mwalimu ilibidi amkatishe kwa sababu kuna wenzake walikuwa wanasubiri. Lakini kilichonileta hapa ni siku niliyokwenda kumchukua Kamachumu, kabla ya hiyo interview.

Nilimkuta uani. Sijaweka hata begi chini, akasimama wima kama wanavyosimama watoto waliotumwa.

"Baba, bibi amenituma nikuambie kwamba hakukasirika ulipomkataza kuongea na mimi, lakini aliumia, kwa sababu aliona akifa sitajua alikuwa mtu wa namna gani."

Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage kama vile hayamhusu. Wakuu, machozi yalinitoka.

Koku akangoja, maana aliyetumwa harudi bila jibu.

"Mwambie samahani," nikasema.

Hakuondoka. "Samahani kwa sababu gani? Bibi ataniuliza."

Ilibidi nikae chini kwenye majani nitafute maneno, na yalikuwa marefu.

Wazazi wenzangu, punguzeni "hii nini?". Mtume mtoto ujumbe wenye sababu ndani yake, kwa lugha ambayo nyumba yenu inaijua kweli, halafu uwe na subira ya kungoja jibu.

Nyie kwenu watoto walifunguka vipi? Walimu mliomo humu nikosoeni, na wenye bibi zao hai mtuambie wanawatumaje.