Mabenchi Niliyoyachimbia Saruji

Ukumbi wetu hapa Bariadi ulijengwa enzi pamba ikiwa na heshima yake. Tunauendesha sisi wa kujitolea: fundi cherehani anayetunza funguo, mwenye duka aliyehamia zamani kutoka Kigoma, muuguzi mstaafu, na mimi. Jumamosi tunaonyesha sinema kwenye ukuta tulioupaka chokaa, na watoto hushangilia hata jina la mpiga picha. Lakini kinachouweka ukumbi hai ni siku ya ngoma baada ya mavuno. Bila siku hiyo tungekwisha kufunga milango.

Mashindano ya ngoma za Kisukuma hayahitaji jaji. Kikundi kimoja kinacheza upande huu, kingine upande ule, kwa wakati mmoja, na watu wanakimbilia wanakovutwa. Mwenye umati ndiye mshindi. Nilipokuwa kijana nilikimbia huku na huku mpaka nikarudi nyumbani na kiatu kimoja.

Kwa hiyo nilijua kuwa ngoma inataka watu wakimbie. Sina pa kujifichia.

Mwaka jana nilikwenda Mwanza kumwona mjukuu wangu, akanipeleka kwenye jumba la sinema. Viti vimejipanga mistari, vimefungwa sakafuni, hakuna anayevuta cha mwenzake. Nilirudi na homa ya mistari. Nikawashawishi wenzangu tuchimbie miguu ya mabenchi yetu kwenye saruji.

"Na siku ya ngoma?" aliuliza fundi cherehani.

"Siku ya ngoma watakaa kama watu."

Alinitazama, kisha akaendelea kutafuna karanga zake.

Siku ikafika. Wacheza majembe, wanaocheza wakirusha majembe juu na kuyadaka, walisimama mbele, chini ya ukuta wa sinema. Wacheza chatu, na nyoka wao hai, walikuwa nyuma, karibu na mlango. Mabenchi yote yalitazama mbele. Watu walijaa, wakakaa kama watu. Aliyetaka kwenda nyuma aliinuka, akagonga magoti ya jirani, akatukanwa, akakaa tena. Chatu aliponyanyuliwa, mnene kama paja, waliomwona vizuri ni wauza miwa waliokuwa nje.

Kiongozi wa wacheza chatu ni mama mzee tuliyekua naye mtaa mmoja. Ngoma ilipokwisha alinifuata, jasho likimtiririka.

"Mwadila, ngosha."

"Mwadila, mayu," niliitikia salamu yake ya mchana, yeye akiniita mwanamume kwa Kisukuma, mimi nikimwita mama, nikijua si salamu.

"Leo tumechezea visogo. Mwakani tunakwenda uwanja wa mpira. Hata nyoka amenuna."

Nikamgeukia kiongozi wa majembe, maana yeye alikuwa ameshinda. Nilidhani atanitetea.

"Na sisi tunaondoka," alisema. "Huu ni ushindi gani, wa watu waliofungwa?"

Watu walicheka. Mimi nilitazama paa, nikaona namna litakavyooza.

Kesho yake asubuhi nilikwenda na nyundo na patasi. Niliona haya kuwaita wenzangu, lakini walikuja. Fundi cherehani alikaa juu ya benchi nililokuwa nikilivunjia saruji.

"Gonga polepole, babu. Tumekaa kama watu."

Saruji niliyoichanganya kwa kiburi ilikuwa nzuri mno. Tulivunja, tukang'oa, tukaziba mashimo, mpaka likabaki benchi moja la mbele kabisa. Hapo mpini wa nyundo ukakatika.

Nilikwenda kwa yule mama nikamwomba aje tu atazame. Alikuja amejifunga kitenge kiunoni. Alitembea kutoka mlangoni hadi ukutani, akageuka, akarudi mbio mbio kama msichana, akihema na kucheka. Kisha akaliona lile benchi.

"Na hili?"

"Mpini ulikatika, mayu. Kesho nitalitoa."

"Liache." Alilipiga teke, halikutikisika. "Siku ya ngoma utakaa hapa wewe, uso ukutani. Na sisi na chatu wetu tutacheza nyuma yako."

"Nisigeuke?"

"Ukigeuka, tumeshinda."