Siku Baba Alipoizima Injini

Wiki iliyopita nilikwenda mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, hapa Maskati, kumpa hongera mke wa binamu yangu aliyejifungua. Tulipokuwa tunaaga, binti wa nyumba akaja na kichupa cha mafuta ya udi, akatupaka mikononi mmoja mmoja, kama ilivyo ada yetu. Harufu iliponifika puani niliurudisha mkono ghafla. Wenzangu wakacheka, wakasema udi huo mkali, wa bei. Nikacheka nao. Kumbe mwenzao nilikuwa nimemwona baba yangu anashuka ngazi ya ndege ambayo haikuruka, mbele ya watu wote, na mimi ndiye niliyemshusha.

Baba alikuwa rubani wa majaribio. Si rubani wa abiria, wala si wa kupeleka mizigo. Kazi yake ilikuwa kupanda ndege ambayo bado hakuna aliyeijua tabia yake, kuirusha, kisha kurudi chini na kueleza imefanya nini. Alianza jeshini hapa Oman, akapelekwa ng'ambo kusoma, na huko kampuni moja ikamchukua katika kazi ya kutengeneza jeti inayopaa wima. Haikimbii uwanjani ndege hiyo. Inaelekeza moto wake chini, inajiinua moja kwa moja, inasimama hewani, ndipo inapokwenda zake.

Bibi, mama yake Baba, kazi hiyo hakuielewa hata kidogo. "Nasor," alikuwa akimwambia, "hao walioitengeneza kwani hawajui kama inaruka? Mpaka wakutafute wewe?"

"Wanafikiri wanajua, Mama. Mimi nnakwenda kuwauliza kama ni kweli."

"Basi wapande wao, wewe uwaulize kutoka chini."

Baba akicheka mpaka machozi. Lakini kazi ile alitembea nayo mwilini. Alipopanda kulikuwa na kadi alizozifunga pajani, na kila kitu alikiandika: joto, mtikisiko, sauti ngeni. Hata aliponunua gari jipya aliuzunguka nalo mtaa wetu wote wa Ghubra na kadi pajani, anaandika breki zinashikaje. Majirani walidhani anapima barabara za serikali. Mama alipopika biriani kwa mchele wa aina mpya, Baba alionja, akasema, "Naomba nirudie jaribio." Alirudia mara tatu yule bwana.

Nilipokuwa na miaka tisa, kampuni ikaileta ndege yao kwetu wakati wa kiangazi. Walitaka joto letu. Baba alinieleza akiwa ameshika mkono wangu juu ya chungu kinachotoka mvuke: hewa ya moto ni nyepesi, ndege inakosa cha kuegemea. Tena inaposimama karibu na ardhi, moto wake wenyewe unagonga chini na kupanda juu, injini inaumeza, inaishiwa nguvu. "Ndipo inapokuangusha," alisema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Mimi sikuogopa. Nilijua ndege haiwezi kumwangusha baba yangu, haikosi adabu kiasi hicho.

Miezi miwili ya majaribio Baba alilala nyumbani, si ng'ambo, na mimi nilitembea skuli kifua mbele. Siku ya mwisho ya majaribio wageni wakubwa walialikwa, na jamaa za marubani pia. Na kila mtu katika ukoo wetu alijua jambo moja: baada ya siku hiyo kampuni itachagua rubani mkuu wa ndege ile. Walibaki wawili, Baba na mwenzake Mzungu aliyeitwa Martin, na zamu ya kuruka mbele ya wageni ilikuwa ya Baba. Bibi alikwisha kuagiza halua. Shangazi Zuwena, dada yake Baba, alikuwa anakuja kutoka Darsait na magari matatu ya watu.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Nilikuwa nataka kuiona kofia yake ya urubani. Baba akasema kofia haitoki kazini, kuna watu wa kuikagua na kuitunza, hilo ni sharti. Nikalia. Hakulegea. Nikagoma kula chakula cha mchana siku mbili, na hapo ndipo nilipomshinda, kwa sababu Baba aliyeweza kusimama hewani juu ya moto hakuweza kunitazama nikisukuma sahani. Mchana wa kuamkia siku yenyewe akaja na mfuko wa kijani. "Utaitazama, utaivaa mara moja, na kesho nnaondoka nayo," alisema.

Nilipoivaa shingo ilizama mabegani. Mbele yake ilining'inia maski ya mpira, ya kuvutia hewa ya oksijeni, ambayo Bibi akiiona kwenye picha za Baba alikuwa akiiita barakoa, kama zile za kufunika uso za wanawake wa zamani, anacheka kwamba wanawake tumezivua na wanaume wanazivaa. Nikaivuta usoni nikanusa ndani. Astaghfirullah! Ilinuka mpira uliopikika na jasho la miezi miwili.

Naona haya mpaka leo nikikumbuka aibu iliyonishika. Kwetu mgeni hatoki bila kufukizwa. Kanzu za Baba za Ijumaa zilitandazwa juu ya chetezo mpaka zishike moshi. Bibi alikuwa na usemi wake, "Mtu huingia kwa harufu kabla ya salamu." Na kesho baba yangu asimame mbele ya wakubwa wote wale ananuka vile? Baba alipotoka kwenda mskitini kusali Alasiri, nikaingia chumbani kwa Bibi, nikachukua kichupa chake cha mafuta ya udi, kile cha harusi na Idi tu. Nikasema Bismillahi, nikachovya kidole, nikapaka ndani ya maski yote, kwenye kingo zake na pale panapokaa pua na mdomo, nikaongeza mara ya pili. Kisha nikaifunga kwenye mfuko kama nilivyoikuta. Sikumwambia mtu. Nilitaka aivae mwenyewe huko juu, ashtuke, anikumbuke.

Alishtuka kweli.

Tulikaa chini ya turubai, nje ya mji, kwenye uwanja mweupe kwa jua. Bibi alijipepea na karatasi ya ratiba. Baba alipita mbele yetu na mavazi yake ya kazi, nikamkimbilia, nikamshika mkono. Akaukamata wangu, akaubusu, akaenda. Alipanda ngazi. Injini ikaanza, sauti ikaniingia kifuani nikaisikia mpaka kwenye meno. Hewa nyuma ya ndege ikawa inacheza. "Sasa hivi," akasema Shangazi, amesimama, "sasa hivi, Mashaallah, tazameni!"

Mara sauti ikashuka. Ikashuka tena, ikafa. Watu walibaki na vichwa vimeinuliwa. Kioo kikafunguliwa, ngazi ikaletwa, na Baba akateremka taratibu, kofia mkononi. Nyuma yetu bwana mmoja akasema kwa Kiarabu, ameogopa huyo. Shangazi akakaa chini.

"Mama, kaogopa?" akamuuliza Bibi.

"Nyamaza, Zuwena! Kashuka kwa miguu yake. Wewe ulitaka ashuke vipi?"

Baba alizungumza na wakubwa wake muda mfupi. Wakaipima ndege upya, wakamwita Martin na kofia yake. Na ndege ikapaa, wallahi. Ikainuka wima kutoka kwenye vumbi lake, ikasimama hewani kama mtu aliyefika mlangoni anasubiri kuambiwa karibu. Watu walipiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Baba. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira, sijui bado kilichotokea. Wiki ya pili Martin akawa rubani mkuu.

Tukiwa garini, tulipofika barabara kubwa, Bibi akamgeukia Baba. Akamuuliza kwa nini aliizima injini.

"Kulikuwa na mafuta ndani ya maski," Baba alijibu. "Niliivaa mwisho, kabla sijafungua oksijeni, nikanusa. Mafuta na oksijeni havikai pamoja, Mama. Inatosha cheche moja, uso unawaka."

"Ya Rabbi! Khatari gani hiyo! Na nani aliyeyatia?"

Nilikuwa kiti cha nyuma. Nikaikalia mikono yangu yote miwili. Baba hakugeuka.

"Kosa langu," akasema.

Nikanyamaza. Nilinyamaza siku ile na mwaka ule, nikanyamaza mpaka nikaolewa, nikazaa. Kwenye mikusanyiko ya ukoo mabinamu walimpa jina, Kapanda Kashuka, na yeye huitika. Idi moja nilimng'ata mtoto wa Shangazi sikioni kwa jina hilo, na nilipoulizwa sababu nikasema kanikanyaga. Baba aliendelea na kazi miaka mingi, akarusha ndege nyingine ambazo hazikuwa na majina bado, kila mara wa pili, nyuma ya Martin. Na mimi nilibeba moyoni kwamba baba yangu, mtu mkweli kuliko wote niliowajua, alisema uongo mara moja tu maishani, na aliusema kwa ajili yangu. Nilijivunia uongo ule. Nilijiona napendwa kupita watoto wote wa Maskati.

Mwaka huu nikamwambia. Amezeeka, macho hayaoni vizuri, alikuwa anakunywa kahawa na tende ukumbini kwake Ghubra. Nilieleza yote, chumba cha Bibi, kidole, Bismillahi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nnajua," akasema. "Mkono niliokubusu ulikuwa unanukia. Sikutia maanani mpaka nilipovaa maski."

"Ukaniokoa kwa kusema uongo, Baba."

Hapo alikasirika. Akaweka kikombe chini. "Uongo? Mimi sijapata kuandika uongo kwenye ripoti hata siku moja. Rubani wa majaribio akidanganya kwenye karatasi, anayepanda baada yake anakufa. Nenda kalete jalada la buluu."

Nikaleta, nikamsomea mwenyewe. Ripoti ilikuwa na mistari michache, kwa Kiingereza chake kilichonyooka. Rubani alitoa kofia na maski kituoni kinyume cha sharti. Asubuhi alivileta moja kwa moja hadi kwenye ndege bila kuvipitisha kwa wakaguzi. Maski ilikutwa na mafuta. Kosa ni la rubani.

"Kuna neno la uongo hapo?" akauliza. "Wewe ulifanya ulivyofundishwa nyumbani. Sharti nilikuwa nalijua mimi."

Nikalirudisha jalada mahali pake. Nilirudi kwangu naendesha gari polepole, na njiani likanijia lile ambalo mtoto wa miaka tisa hakuweza kulifikiri, wala mimi, mama wa watoto watatu, sikujisumbua kulifikiri. Baba angeweza kuwaambia wale wakubwa, "Binti yangu mdogo amepaka mafuta." Ingekuwa kweli tupu. Wangecheka, wangempiga bega, nani atamlaumu mtu kwa mchezo wa mtoto? Pengine ukuu angeupata. Na mimi ningekuwa yule mtoto aliyetaka kumuunguza baba yake, kwenye kila harusi na kila msiba, mpaka leo.

Kweli zilikuwa mbili siku ile, na Baba alikuwa na muda wa kushuka ngazi tu kuchagua moja. Akaichukua ile iliyomwangukia yeye, akaitia saini.