Shikamoo katikati ya mlima

Leo nimegombezwa kwa kuwa na adabu!

Najifunza kuendesha gari. Baba aliniahidi nikipandisha hadi nyumbani Kibosho bila kosa, Jumapili nitaipeleka familia kanisani.

Katikati ya mlima tukamkuta bibi jirani amejitwika majani ya ng'ombe.

"Simama umsalimie," baba akaniambia.

Mnajua nilivyo na aibu. Nikasimama, nikainama dirishani kwa heshima, na mguu ukatoka kwenye breki.

"Shikamoo bibi."

Gari likaanza kurudi nyuma, linaelekea kwenye migomba ya watu!

Baba akavuta handibreki. "Unasalimia kwa miguu wewe? Jumapili naendesha mwenyewe!"

Bibi akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu."

Jamani, baba mwenyewe wala hakumsalimia. Kosa ni langu peke yangu kweli?