Adabu ya Lamis Angani

Hasira ninazo, na sizifichi. Lamis, binti wa marehemu dada yangu, tulimsomesha urubani hapa Changamwe, na alikuwa anajua kurusha ndege. Kilichombakia ni mtihani wa dharura tu. Alishaufeli, na chuo kikamwambia akifeli tena basi, aende zake nyumbani.

Mtihani wenyewe, alivyonieleza, ndege hupandishwa juu sana, ikaachwa iishiwe na mwendo, ikainamisha pua na kushuka huku inazunguka kama pia. Roho inakwambia uvute usukani, na kuvuta ndiko kunakoua. Inatakiwa usukume mbele. Alikuwa akijizoeza jikoni kwangu kwa mwiko, mpaka wali ukaungua nikamfukuza.

Siku hiyo mtahini alikuwa Kapteni Suleiman, mzee wa ndevu nyeupe, rika la babake. Lamis akamwamkia shikamoo, wakaruka hadi juu ya bahari, mbele ya Likoni. Ndege ilipoanza kuzunguka, mzee akajifanya ameshikwa na bumbuwazi, akaung'ang'ania usukani na kuuvutia kifuani. Hapo mwanafunzi anatakiwa aseme kwa sauti kwamba ndege anaishika yeye, aubandue ule mkono kwa nguvu, ajiokoe.

Lamis akasema, "Samahani, mzee wangu."

Kisha akangoja. Bahari inamjia usoni, naye anangoja ruhusa! Tangu azaliwe hajampokonya mtu mzima kitu mkononi, seuze kuushika mkono wa mwanamume asiye maharimu wake. Akaomba radhi tena. Mwishowe Kapteni akaiokoa ndege mwenyewe, na walipotua akamwambia kwa upole kwamba amefeli.

Babake, Zuhair, alisimuliwa yote jioni ile. Nikadhani atampa pole mtoto. Wallahi, yule bwana alitabasamu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Huyu nimemlea mimi."

Akatoka kwenda kuwahadithia wenzake barazani, na mtaa mzima ukawa unamsifu binti wa Zuhair kwa adabu. Lamis alikuwa amejifungia chumbani. Nilipomfuata aliniambia, "Mama mdogo, nilijua ninakufa, na mkono haukuenda." Nikalia mimi, yeye hakulia.

Sifa zikafika mpaka Kisauni. Wiki iliyopita wamekuja watu wa Mishomoroni kumposea mtoto wao. Wanataka mke mwenye heshima, wakasema, na habari za huyu wamezisikia. Lamis hamjui huyo kijana hata kwa sura. Nilimshika pembeni nikamwambia akatae, nami nitasimama naye mbele ya babake, potelea mbali nikigombana na ukoo mzima.

Babake alipomwita na kumuuliza mbele ya wageni, nilimkazia macho. Akainamisha kichwa.

"Utakavyo wewe, baba," akasema.

Harusi ni baada ya Idi.