Tairi la Maharage Siku ya Harusi ya Dada

Hili jambo nimekwepa kulisimulia muda mrefu, lakini nikikutana na mtu wa Babati mjini akaanza kucheka kabla hata hatujasalimiana, najua tayari kwamba siku ile alikuwa kwenye foleni ya sukari, kwa hiyo bora niseme mwenyewe, maana wanaosimulia wao wameshaongeza mpaka mbuzi wawili ambao hawakuwepo.

Ilikuwa ile miaka ya shida, mnaikumbuka, sabuni kwa foleni, petroli kwa kibali, khanga mpaka umjue mtu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo tu nyumbani Bonga nangoja barua ya kazi, na kitu changu kimoja cha kujivunia kilikuwa pikipiki aliyoiacha marehemu baba. Niliiendesha mimi, niliitengeneza mimi, na usiku ililala chumbani kwangu (mama alisema siku nikioa itabidi mke alale barazani). Spea hazikuwepo, hata Arusha ulikuwa unajibiwa "njoo mwezi ujao", kwa hiyo nilishazoea kuitibu kwa vitu vya nyumbani, kiti nimekishona kwa gunia, taa ya nyuma ni kifuniko chekundu cha chupa ya chai, na nilijiona fundi kweli kweli.

Sasa dada yangu Rebeka anaolewa. Harusi ilishaahirishwa mara mbili, na safari hii haikuwa na nafasi ya kuahirishwa tena, kwa sababu bwana harusi, ambaye ni mwalimu, alikuwa amehamishiwa Singida na basi lake linaondoka Jumapili alfajiri. Kwa hiyo ni Jumamosi ile saa sita mchana, au wangoje mpaka likizo ya Desemba. Kazi yangu ilikuwa kumleta Mchungaji kutoka Maisaka, maana gari la usharika lilikuwa limekaa juu ya mawe miezi minne, halafu nimshike dada mkono nimwingize kanisani, kwa sababu baba hayupo na wajomba wa Mbulu walikosa usafiri. Nikamwambia Rebeka, "Wewe vaa tu, mengine niachie mimi."

Saa moja asubuhi natoa pikipiki nje, tairi la nyuma liko chini. Tairi lenyewe lilikuwa kipara, lina tundu la kuingia kidole gumba, na tyubu imechanika shubiri nzima. Nikalibeba mbio mpaka kwa jirani yetu fundi Mzee Safari, nikamwonyesha.

"Shikamoo Mzee Safari."

"Marahaba. Hiyo imekufa," akasema, hata hajaigusa. "Hapo ni nyasi tu. Ukate, uzianike, uzisokote kama kamba, uzigongee ndani ya tairi mpaka ligome. Kufika saa nane utakuwa umemaliza."

"Saa nane? Harusi ni saa sita."

"Mimi nimesema nyasi. Haraka ni ya kwako, sio ya nyasi."

Alikuwa na baiskeli pale imeegemea ukuta, ningeomba angenipa, na hapo ndipo nilipokosea, maana nilijiuliza hivi mtu mwenye pikipiki aende kumchukua Mchungaji kwa baiskeli, watu wa Bonga watanionaje. Nikarudi nyumbani. Mama yuko kanisani anafagia, Rebeka yuko kwa jirani anapambwa, nyumba haina mtu, na chumbani kwake kuna gunia la maharage. Nikalitazama. Nikashika maharage mkononi, magumu, mviringo, yanateleza vizuri, nikasema hivi nyasi ina nini ambacho haya hayana? Nikayamimina kwenye tyubu kupitia pale ilipochanika, kama robo debe hivi, nikashona kwa sindano ya magunia na uzi wa katani, nikairudisha ndani ya tairi, nikaligonga kwa ngumi. Gumu kama jiwe. Nilicheka peke yangu. Niliwaza mpaka kwenda kumfundisha Mzee Safari.

Kwenda Maisaka ilikwenda vizuri, inadunda kidogo lakini inakwenda. Mchungaji akatoka na joho lake kwenye mfuko, akapanda nyuma, na huyo ni mtu mwenye mwili wake. Tumekwenda kidogo nasikia ananigusa bega.

"Zakayo, hii pikipiki ina nini? Nahisi kama nimekalia kinu."

"Ni barabara, Mchungaji."

"Barabara naiona, imetulia."

Nikaongeza mwendo kidogo ili tusiongee. Tukiingia mjini ananigusa tena.

"Zakayo, mbona tunafuatwa na kuku?"

Nikageuka. Kweli, kuku kama tisa wanakuja mbio nyuma yetu, jogoo mbele, na nyuma yao barabarani kuna mstari mwekundu wa maharage unatoka kwenye lile tundu la tairi, punje baada ya punje, kutoka kule tulikotoka. Mtu mwenye akili angesimama. Mimi nikaona dawa ni kukimbia kabla hayajaisha.

Tumefika mbele ya duka la ushirika, na siku hiyo sukari imeingia, yaani nusu ya mji iko pale imejipanga tangu alfajiri, ndipo uzi wa katani ulipokatika. Sio mlio mkubwa, ni kama mtu amepasua nguo. Pikipiki ikakaa chini kwa nyuma kama ng'ombe anayelala, Mchungaji akashuka kwa miguu yake mwenyewe bila kuomba ruhusa, na maharage yakamwagika pale mbele ya watu.

Halafu mama mmoja akasema taratibu, "Jamani, pikipiki imezaa."

Basi foleni ikaisha. Watu waliosimama tangu saa kumi wakasahau sukari, wakainama, huyu anakusanya kwenye khanga, yule kwenye kofia, kijana mmoja ananiuliza, "Kaka, ya njano huna?" Walipomaliza wakakumbuka foleni, na hapo hakuna aliyejua alikuwa nyuma ya nani. "Mimi nilikuwa nyuma ya mzee mwenye koti." "Mzee yupi, wote wana makoti." Wakaanza kusukumana, na kila anayesukumwa ananitazama mimi.

Aliyekuwa analinda foleni ni mgambo mmoja mrefu anaitwa Tluway. Wiki iliyotangulia walikuwa wamekamata lori limeficha sabuni ndani ya tairi la akiba, kwa hiyo alipoona maharage yanatoka kwenye tairi hakuhitaji kufikiri sana.

"Kibali cha kusafirisha mazao kiko wapi?"

"Afande, hayo sio mazao," nikasema. "Huo ndio upepo wenyewe."

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia ukuta. Yeye hakucheka. "Unaniona mimi mjinga. Na huyu mzee ni mwenzako?"

"Mimi ni Mchungaji, ndugu yangu," Mchungaji akasema, anajipangusa vumbi. "Nimeyakalia hayo maharage kutoka Maisaka. Kama ingekuwa biashara yangu ningekaa mahali palaini."

Nikaeleza yote, tyubu, nyasi, harusi, Singida, saa sita. Tluway akasema maelezo nitayatoa ofisini Jumatatu. Nikamwona Rebeka akilini amekaa na shela mpaka Desemba. Mchungaji akatazama saa yake, akatazama baiskeli ya mgambo.

"Sikiliza," akamwambia. "Huyu hawezi kutoroka, chombo chake unakiona. Nipakie twende Bonga, ukamuulize mama yake kama maharage ni ya kwake. Wewe utapata ushahidi wako, mimi nitapata harusi yangu."

Tluway akafikiri. Akasema sawa, lakini nitoe dhamana, na nilichokuwa nacho ni koti tu, lile la marehemu baba nililovaa kwa ajili ya kanisani. Akalivaa palepale ili lisimsumbue njiani, na wakaondoka, Mchungaji nyuma amekumbatia joho lake, mimi nikabaki na pikipiki na watu wa foleni.

Kutoka pale mpaka Bonga unakujua. Kusukuma pikipiki ambayo tairi lake limejaa ubwabwa wa maharage yaliyosagika, jua la mchana, na kila nyumba mtu anatoka kuuliza, "Wewe ndiye wa maharage?" (habari ilinitangulia, sijui ilipanda nini). Nilifika saa nane na nusu. Nasikia vigelegele. Watu wanakula.

Mzee Safari ndiye aliyenipa habari, sahani mkononi. Walifika saa sita kasoro. Tluway akasimama mlangoni na daftari, mama akamjibu, "Maharage ni yangu na mtoto ni wangu, na wote wawili leo siwaelewi." Wakaningoja. Saa sita na nusu, saa saba, saa saba na robo. Mchungaji akasema hawezi kungoja zaidi, ana maziko Bagara. Mama akatazama kanisa zima akitafuta mwanaume wa kumwingiza binti, wote wamevaa mashati yaliyochanika begani, mwenye koti ni mmoja tu. Akamwendea. Na yule mgambo aliyekuja kukusanya ushahidi akafunga daftari lake, akamshika dada yangu mkono, akaenda naye hatua kwa hatua mpaka madhabahuni, na wanasema alilia kuliko mama.

Alinirudishia koti akasema kesi imekwisha, na akanionya nisirudie. Kwenye barua zake za kutoka Singida mpaka leo Rebeka anamsalimia "kaka Tluway" kabla hajafika kwangu.

Lakini siku ile, kabla ya kuondoka, Rebeka alinifuata uani nilikokuwa nakwangua tairi kwa kijiti, akasimama na shela lake.

"Niliwaambia tukusubiri mpaka saa saba," akasema. "Nilisubiri."

"Najua, dada."

"Nilitaka uwe wewe."

Akanisaidia kukwangua kidogo, na gauni lile la kuazima, halafu wakamwita.

Tairi nililijaza nyasi wiki iliyofuata, siku mbili nzima, nimekaa chini nasokota na Mzee Safari ananiangalia bila kunisaidia. Na nimeapa: kama kuna mtu ananingoja mahali, nitapanda chochote kinachotembea, hata punda wa kuazima, na watu wa Bonga wanione wanavyotaka kuniona.